Lori Nambari 1075

Gesi iliniishia maharagwe yakiwa hayajaiva, saa mbili na nusu usiku, na mtungi ulikuwa na siku 11 tu tangu uletwe na bodaboda. Mtungi wa kilo 6, kwa mtu anayeishi peke yake na asiyeoka keki, hukaa karibu mwezi mzima. Niliunyanyua, nikautikisa, nikautegea sikio kama mtu anayechagua nazi sokoni. Kimya.

Asubuhi nikaurudisha dukani. Ongata Rongai, kwa msomaji asiyeijua, ni mji wa Kaunti ya Kajiado ulioegemea mgongo wa Nairobi. Matatu za njia ya 125 hutufikisha kwa muziki wa kutingisha mbavu, na watu wa jiji hututania kwamba kuja kwetu lazima ubebe pasipoti. Sensa ya 2019 ilitukuta 172,569, na tangu hapo maghorofa hayajaacha kuota. Kila ghorofa lina duka la gesi chini yake: mitungi ya rangi zote imepangwa ndani ya tundu la chuma, na pembeni, hatua kumi hivi, yupo mtu anayeuza makaa kwa mkebe.

"Kastoma, mimi sijazi gesi," mama mwenye duka alinijibu nilipolalamika. "Mimi huletewa."

"Huletewa kutoka wapi, mama?"

"Si huko Namanga. Hiyo ni gesi ya Watanzania. Wao wamechimba, sisi tunapika."

Mizani hakuwa nayo. Aliniuzia mtungi mwingine, akapaka povu la sabuni kwenye valvu kuonyesha kwamba hauvuji, akanitakia siku njema. Mimi nikabaki na lile neno. Wao wamechimba, sisi tunapika. Kwa miaka nimesoma habari za gesi ya Mtwara na Lindi, na kumbe kwa maneno ya mama huyu iko chini ya sufuria yangu. Jumamosi iliyofuata nikaamua kuifuata gesi nyuma, kutoka jikoni hadi inakotoka, angalau mpaka pale ambapo kitambulisho changu kingeniruhusu.

Njia ya mkato haipiti Nairobi. Unapanda gari hadi Kiserian, pale unageuza mashariki kwa barabara ya Isinya. Zamani hiyo ilikuwa nyika ya ng'ombe na pundamilia. Siku hizi ni nyaya za ua na mabango ya ploti za nusu robo, hati tayari, maji na stima vipo. Niliketi mbele ya Probox pamoja na abiria mwingine, goti langu likiwa upande wa gia, nikihesabu magunia ya makaa yaliyosimamishwa kando ya lami. Nilipofika 40 nikaacha.

Karibu na Isinya kuna kitu ambacho dereva alikipita bila kukitazama: minara mirefu ya umeme, mipya bado, ikielekea kusini. Hiyo ni laini ya kilovolti 400 inayotoka Isinya, inavuka mpaka Namanga, inapita Arusha na kuishia Singida. Iliunganishwa mwishoni mwa 2024. Nilimwomba dereva apunguze mwendo, akacheka, akadhani nataka kujisaidia. Lakini ile minara ndiyo ilikuwa jibu la kwanza la safari yangu, ingawa wakati ule sikulijua. Tanzania imekuwa ikifua umeme kwa gesi yake tangu 2004, ile ya kisiwa cha Songo Songo ilipoanza kufika Ubungo kwa bomba. Siku hizi bwawa la Julius Nyerere limechukua sehemu kubwa ya mzigo, na umeme hauna rangi wala kabila, tena hupita pande zote mbili. Hata hivyo, kama gesi ya Watanzania imewahi kugusa ardhi ya Kajiado, basi imepita juu ya vichwa vyetu kwenye waya, na wala si kwenye mtungi.

Isinya nikapanda matatu ya Namanga. Mji wa Kajiado tuliupita kwa dakika chache, abiria wawili wakashuka, mmoja akapanda na jogoo. Baada ya hapo nchi inafunguka. Udongo mwekundu, milima ya mbali yenye rangi ya moshi, na migunga, ile ambayo Wamaasai huiita oltepesi, imesimama mmoja mmoja kama wazee waliokosana.

Nilishuka Bissil kwa sababu ya njaa. Ni mji wa mnada wa mifugo, na nyama yake haina mfano. Mezani nilikutana na mzee mmoja mwenye shuka nyekundu na simu mbili. "Sopa," nikasema kwa ujasiri wa mtu anayejua neno moja. "Epa," akajibu, kisha kwa huruma akageukia Kiswahili. Nilipomweleza ninachofuata alitafuna kwanza, akameza, ndipo akaniuliza: "Gesi yenu ya huko Rongai ilipanda bei mwaka gani?"

Nikamwambia. Serikali ilikuwa imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016. Tarehe 1 Julai 2021 ikairudisha, asilimia 16 kwa mpigo mmoja. Mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa tena.

"Basi wewe unajua miaka ya karatasi," akasema. "Mimi najua miaka ya miti."

Miaka hiyohiyo mvua ilikataa. Misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020, ilipita bila mvua ya maana, na ng'ombe wa Kajiado wakafa hadi njia zikanuka. Mtu aliyepoteza ng'ombe 60 bado ana watoto wa shule. Huku ana miti, kule Nairobi kuna mteja ambaye bei ya mtungi imemshinda na amerudi kwenye mkebe wa makaa. Mzee alinyoosha kidole mashariki, kwenye tambarare iliyojaa visiki. Malori, alisema, yalikuja usiku. Kukata miti kwenye misitu ya serikali kulikuwa kumepigwa marufuku tangu Februari 2018, na makaa kusafirishwa bila kibali ni kosa kwa kanuni za 2009. Lakini mgunga ulio kwenye shamba la mtu aliyefilisika na ukame hauna askari.

Nimesoma hotuba nyingi za wataalamu kuhusu gesi na mazingira. Hakuna iliyonifungua macho kama kidole cha mzee yule. Kanuni ya kodi inaandikwa Nairobi kwa wino, na matokeo yake yanasomeka Bissil kwa visiki. Nilitaka kumlipia chakula, akakataa. Yeye ndiye aliyenilipia.

Namanga nilifika saa tisa alasiri. Mlima Ol Doinyo Orok umesimama juu ya mji kama mlinzi aliyechoka, na chini yake kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa na marais Uhuru Kenyatta na John Magufuli Desemba 2018. Msafiri anagongewa mihuri yote miwili chini ya paa moja. Malori yana foleni yao, na humo nikayaona niliyoyafuata: matangi meupe, mviringo, marefu, kila moja likiwa na kibao cha rangi ya machungwa nyuma na nambari 1075, alama ya gesi ya kupikia.

Dereva mmoja alikuwa amekaa kivulini akipuliza chai. Mtu wa Tanga. Nilimjua kwa salamu zake, maana alinihoji habari za nyumbani, za kazi, za safari na za mvua kabla sijafaulu kumuuliza lolote. Sisi wa Rongai tukisalimiana kwa neno moja tunaona tumemaliza.

"Ndugu yangu, hii gesi imetoka Mtwara?" hatimaye nikauliza.

Akaweka kikombe chini. "Mtwara? La, kaka. Ile ya Mtwara ni ya bomba. Hii ni ya meli."

Kisha akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu. Meli inakuja kutoka ng'ambo na kushusha bandarini Tanga. Gesi inaingia kwenye matangi ya bandari, kutoka hapo inapakiwa kwenye lori, na lori linapanda Korogwe, Same, Moshi, Arusha, Longido, hadi hapa tulipo. Tanzania yenyewe inapikia gesi hiyohiyo ya meli. Kwa hiyo mzigo unaoitwa Nairobi gesi ya Watanzania ni mzigo wa mgeni aliyepitia kwa Watanzania.

Hapo ndipo neno la mama wa dukani lilipovunjika mkononi mwangu. Gesi ya mtungi ni propani na butani, vitu vinavyotokana na kusafisha mafuta ghafi au kuchambua gesi yenye mchanganyiko. Ukiikandamiza kidogo inageuka maji, unaitia kwenye chuma, unaibeba kwa bodaboda. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, karibu yote ni methani, kavu, haikubali kuwa maji mpaka uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Ya namna hiyo ikisafirishwa kwa lori ingebeba nambari nyingine kabisa, 1972. Nilizunguka ile foleni nzima nikitafuta 1972. Sikuiona.

Kenya nayo haina ya kwake. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kilikuwa kikitoa kidogo, lakini kilisimama mwaka 2013, na tangu hapo kila kilo tunayopikia imeshuka kutoka melini, ama Mombasa ama kwa jirani.

Ndiyo maana mpaka huu umewahi kuwa uwanja wa mieleka. Mwaka 2017 Kenya ilizuia gesi ya kupikia isiingie kwa barabara kutoka Tanzania, pamoja na unga wa ngano. Tanzania ikabana maziwa na sigara za Kenya. Dereva wangu aliyakumbuka majira yale vizuri, alilala Longido hadi akamjua kila mbwa kwa jina. Ikabidi marais wazungumze, na Julai mwaka huohuo mawaziri wa mambo ya nje, Amina Mohamed na Augustine Mahiga, wakatangaza kwamba vizuizi vimeondolewa. Zilitajwa sababu za usalama na za utaratibu, lakini mtu yeyote aliyewahi kuuza nyanya atatambua ugomvi wa nani apitishe mzigo kwa mlango gani. Miti ya Bissil haikuwa kwenye ajenda.

"Na hiyo ya Mtwara na Lindi," nikamuuliza dereva, "mnaisubiri?"

"Tunaisikia," akasema.

Wana haki ya kuisikia tu. Tanzania imehesabu gesi yake kuwa futi za ujazo trilioni 57.54, nyingi ikiwa chini ya bahari kuu mbele ya Lindi na Mtwara. Mpango ni kujenga kiwanda cha kuigeuza kimiminika eneo la Likong'o, Lindi, kwa zaidi ya dola bilioni 40, pamoja na kampuni za Equinor, Shell, ExxonMobil na wenzao. Makubaliano ya awali yalitiwa saini Dodoma Juni 2022, na mazungumzo yamekwenda mwendo wa kinyonga. Nyuma yake kuna jeraha la 2013, watu wa Mtwara walipoingia barabarani kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, wakisema gesi haitoki, na damu ikamwagika. Bomba lilijengwa, likazinduliwa 2015. Sera ya Gesi Asilia ya 2013 ikaandika jambo ambalo naliona la busara kuliko hotuba nyingi zilizofuata: soko la ndani kwanza, ndipo nje. Sheria ya Petroli ya 2015 ikaunda mamlaka ya PURA kusimamia visima, na mamlaka ya EWURA ikabaki na mabomba na bei.

Neno "ndani kwanza" linaonekana dogo hadi utazame nchi zenye nguvu zinavyolitolea jasho. Marekani ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa gesi iliyogeuzwa kimiminika. Januari 2024 serikali ya Joe Biden ilisimamisha vibali vipya vya kuuza nje, ili wapime kwanza athari kwa hali ya hewa na kwa bei ya mwananchi. Januari 2025 Donald Trump akaingia na kufuta zuio hilo siku ileile ya kuapishwa. Ulaya kwa upande wake ilipitisha kanuni ya methani mwaka 2024, inayowataka wanaoiuzia gesi waonyeshe ni kiasi gani kinachovuja njiani. Na kuvuja si jambo la mzaha: kwa miaka 20 ya kwanza, methani iliyotoroka hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Gesi inayosifiwa kuwa safi ni safi ikiungua. Ikitoroka bila kuungua ni mwizi aliyevaa kanzu.

Kenya na Tanzania pia zina karatasi yao. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikuja Nairobi, wakashuhudia na Uhuru Kenyatta makubaliano ya gesi, na bomba la kutoka Dar es Salaam kupitia Tanga hadi Mombasa. Rais William Ruto alilirudia Dar es Salaam Oktoba 2022 na kuomba lifike Nairobi. Mimi nalitaka bomba hilo, nisifiche. Lakini litalisha viwanda na mitambo ya umeme. Methani haiingii kwenye mtungi wangu, na Rongai, ambako hata maji tunanunua kwa boza, hakuna atakayetandaza bomba la gesi hadi jikoni kwa muda ambao mimi bado nina meno.

Giza liliingia nikiwa njiani kurudi, safari hii kwa barabara kuu kupitia Kitengela. Mbele yetu kwa kilomita nyingi lilitangulia moja ya yale matangi meupe, nambari 1075 ikiwaka kila taa zetu zinapoigusa. Kisaju, kisha Kitengela yenyewe, baa, makanisa, vituo vya mafuta, akina mama wachoma mahindi, watoto wakivuka barabara na mikate. Ukuta wa nyumba za Kitengela umesogea hadi karibu kuugusa mpaka wa mbuga ya Nairobi, na nyumbu hawajui tena wapite wapi. Lori lilipita katikati ya hayo yote. Abiria mmoja alifungua dirisha kununua njugu. Hakuna aliyelitazama lile tangi.

Mimi nililitazama kwa sababu ya Embakasi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka kwenye uwanja mmoja wa kujazia mitungi mtaa wa Mradi. Watu walikufa, zaidi ya 270 walijeruhiwa, moto ukaruka hadi kwenye maghorofa. Siku iliyofuata mamlaka ya kudhibiti nishati, EPRA, ilisema ilikuwa imeyakataa maombi ya kiwanda mahali pale mara tatu mwaka 2023, mwezi wa Machi, wa Juni na wa Julai, kwa sababu palikuwa na watu wengi mno. Mamlaka ya mazingira, NEMA, nayo ikakiri kwamba maafisa wake walikuwa wametoa leseni kinyume cha taratibu. Mlinzi mmoja alifunga mlango, mwingine akafungua dirisha.

Kanuni za gesi ya kupikia za mwaka 2019 zinasema wazi kwamba mtungi haujazwi bila idhini ya mwenye chapa. Zilifuta ule utaratibu wa awali wa kubadilishana mitungi ovyo. Hata hivyo, uchochoroni gesi humiminwa kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira na sala, na ndiko kilo 6 zinakogeuka kuwa kilo 4. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, huteremka ikalala sakafuni ikisubiri cheche. Harufu ile ya kabeji iliyooza imetiwa kusudi, ili pua ifanye kazi ambayo mkaguzi hakufika kuifanya.

Jumatatu nilinunua mizani ya kuning'iniza, kama zile za wanunuzi wa vyuma chakavu, nikaenda nayo dukani. Mama alicheka hadi wateja wakageuka. "Kastoma, unakuja kupima nyama?"

Nikauning'iniza ule mtungi alioniuzia, ambao nilikuwa bado sijaufungua. Uzito mtupu uliogongwa kwenye chuma ni kilo 7.4. Mizani ilisoma 12.6. Kwa hiyo gesi iliyomo ilikuwa kilo 5.2, na tulikuwa tumelipia 6. Kicheko kikamwisha. Alishika mitungi mingine mitatu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akaitundika, akasoma nambari kwa sauti ya chini. Miwili ilikuwa sawa. Wa tatu haukuwa.

Hatua kumi kutoka hapo, muuza makaa alikuwa akijaza mkebe kwa mteja, akiupiga piga ili makaa yashuke, akiongeza vipande viwili juu kwa hisani.

Mama wa gesi aliniomba nimwachie mizani hadi jioni, lori la kumletea mitungi litakapokuja.